Ndege Iliyozima Motere

Tulimzika mdogo wangu wa kike, Mwamini, hapa Kabambare, na watu bado hawajatawanyika. Wanawake wako nyuma ya nyumba na masufuria, wanaume wako mbele kwenye mikeka, na wajukuu, waliofika kwa piki wakiwa na matope mpaka masikioni, wamejaza baraza na wanagombania waya wa kuchajia simu. Mimi nilikaa mlangoni na ungo wa mchele mapajani, natoa mawe. Sipendi kukaa bure, hata kwenye kilio.

Ndipo nikasikia ndege ya vita.

Haikuwa juu. Ilikuwa kwenye tableti ya Idi, mjukuu wa Mwamini, kijana anayesoma Bukavu. Ubavuni mwake alikaa Feza na simu yake, mjukuu wangu mimi, niliyemlea Kasongo, msichana mwenye mdomo. Kila mmoja alikuwa na mchezo wake wa ndege, na kila mmoja anautukana wa mwenzake.

“Yako iko ya watoto,” Idi alisema. “Risasi haziishi, mafuta hayaishi. Ukianguka unapewa avioni ingine palepale. Wapi umeona vile?”

“Na yako je? Tangu asubuhi unaangusha avioni kwenye muhogo wa watu. Hata kuruka hujaruka.”

“Ni sababu iko ya kweli! Lazima uangalie upepo, uangalie mafuta, uangalie joto ya motere. Bawa ikikatika umekufa, imekwisha.”

“Basi ile si mchezo, ni kazi. Kalime.”

Wakanigeukia mimi. Wote wananiita Koko, wajukuu wangu na wa Mwamini. “Koko, wewe uliona zile avioni za zamani na macho yako. Kuja uangalie. Ipi iko ya kweli?”

Niliwaambia kwenye matanga watu wanasoma dua, hawarushi ndege. Lakini sikuwafukuza. Macho yangu yalibaki kwenye mchele na masikio yakabaki kwao. Mlio wa ndege ya Feza ulikuwa kelele tu, kama mtu anapiga debe. Wa Idi ulikuwa mwingine. Ulinguruma mzito, ukapanda, ukajaza kifua, halafu ghafla ukashuka, ukawa mwembamba, karibu kimya, na ndani ya kile kimya upepo ukapiga mluzi.

Mkono wangu ulisimama ndani ya mchele. Mlio ule wa kushuka niliusikia siku moja tu ya maisha yangu, na tangu siku ile mimi na Mwamini tulikuwa na ugomvi juu yake. Sasa Mwamini yuko chini ya udongo, na wengine waliousikia sijui kama yupo aliye hai.

Ninyi wa rika langu, vita ile ya utoto wetu mnaijua bila mimi kuitaja. Kijiji chetu kilikuwa kwenye njia inayotoka Kasongo kuja huku, kabla ya kufika Lusangi. Nikikumbuka vita, pua yangu inasikia kwanza muhogo. Kila nyumba ilikuwa imeloweka muhogo wake na kuuanika juu ya mawe, na ule uchachu ulikuwa hewa yetu, tunalala nao, tunaamka nao. Muhogo mkavu ni mweupe, na weupe unaonekana kutoka juu. Kwa hiyo tukisikia ndege inatoka upande wa Lualaba, kazi yetu watoto ilikuwa kukimbia na majani ya migomba kufunika muhogo. Wengine wanamwaga maji jikoni, wengine wanaanua nguo. Mama zetu waliziba midomo ya watoto wachanga kwa viganja, kama kwamba yule wa juu angesikia kilio. Hatukuona ajabu. Mtoto akikuta jambo linafanywa na mama yake, anaona ndivyo dunia ilivyo.

Ndege ikishapita, tulicheza ndege.

Mmoja anakuwa ndege: ananyoosha mikono, anakimbia anavuma, na kiganjani ana kokwa za michikichi. Wengine tunalima. Akikurushia ikakupata, umepigwa. Mchezo ulikuwa huohuo, lakini sheria zilikuwa mbili, na palikuwa na vita juu ya sheria kuliko juu ya kokwa.

Ramazani, mtoto wa baba yetu mdogo, alikuwa mkubwa kuliko sisi, na yeye alitaka mchezo wa kweli. Kokwa zikiisha, ndege inarudi nyumbani, hairuhusiwi kuokota zingine njiani. Ukipigwa umekufa, unalala palepale ulipoangukia, hata siafu wapite juu yako, mpaka mama atuite kula. Mwamini alikuwa mdogo na miguu mifupi, akipigwa wa kwanza kila siku, akilala katika vumbi peke yake anatuangalia tunakimbia. Akachoka. Siku moja akasimama na sheria yake: aliyekufa akiguswa mguu, anaamka.

“Maiti anaamuka?” Ramazani akamcheka. “Wapi umeona vile, weye Mwamini?”

“Kwangu anaamuka.”

“Basi huo si mchezo wa vita. Huo ni mchezo wa kuku.”

“Na kuku yako inalala kwenye siafu!” Mwamini akamjibu, akakimbia kutugusa miguu wote, anapiga kelele: “Nimekugusa, amuka! Nimekugusa, amuka!” Na sisi tunaamka, tufanye nini? Mimi nilikuwa upande wa Ramazani. Nilipenda jambo liwe kama lilivyo. Sijabadilika.

Sheria moja tu tulikubaliana wote. Aliye ndege, kabla ya kurusha, lazima amtaje yule anayetaka kumpiga. “Nakuona, Zena!” Hilo jina ni langu. Asipotaja jina, kokwa haihesabiwi. Ilikuwa njia ya kuzuia ugomvi, lakini mimi sheria ile iliniingia kichwani ikakaa. Niliamini kabisa kwamba ile ndege ya kweli nayo inatuona hivyo. Kwamba yule aliyekaa ndani anazijua sura zetu, anajua huyu ni mtoto wa nani, na ile nyumba ni ya nani. Nilipofunika muhogo nilikuwa nauficha muhogo tu. Mimi mwenyewe sikujificha sana.

Na kitu kingine nilikiamini, ambacho hata wakubwa walikiamini. Kwetu jeneza likipita, kila kitu kinasimama. Mwenye baiskeli anashuka. Mwenye mzigo kichwani anautua. Kabla ya vita, niliona kwa macho yangu kamyo ya mnunuzi wa mpunga ikikutana na maziko pale kwenye mteremko. Dereva alizima motere katikati ya njia, akavua kofia, akaiweka kifuani, akakaa kimya mpaka watu wakapita. Baadaye kamyo ilikataa kuwaka, na wazikaji haohao, wakirudi kutoka makaburini na udongo mikononi, wakaisukuma wakicheka. Kwangu mimi hiyo ilikuwa sheria ya motere zote: jeneza linapita, motere inazimwa. Na jeneza lenyewe lina sheria yake. Likishatoka mlangoni haligusi ardhi mpaka kaburini. Wanaume wanapokezana, bega kwa bega, mbio mbio, lakini halitui.

Babu yetu, baba wa baba, alifariki alfajiri. Uzee tu, na baridi ya kulala msituni. Wanaume wakaenda kuchimba. Makaburi yetu yalikuwa ng’ambo ya shamba la mpunga, na mpunga ulikuwa umeshavunwa, shamba limebaki uwanja mtupu, hakuna hata kichaka cha kuficha mbuzi. Adhuhuri walipokuwa wamemaliza kumsalia babu, baba yangu mdogo, Shabani, baba wa Ramazani, alimvuta baba pembeni. Nilikuwa hapo, nimeshika birika la maji ya udhu.

“Kaka, tungoje jua lizame. Kanzu zetu zinaonekana mbali.”

“Avioni inakuja asubuhi. Asubuhi imepita.”

“Na kama itarudi?”

“Shabani, maiti hawekwi. Na baba yangu sitamubeba gizani kama mwizi anayebeba mbuzi.”

“Basi tuvue kanzu.”

“Tumuzike uchi? Jeneza linaonekana na kila mutu. Hata dereva wa kamyo, mutu asiyetujua, alizima motere.”

Mimi nilifurahi ndani ya moyo, kwa sababu baba na mimi tulikuwa na fikira moja. Baba aliniona namtazama, akanigusa kichwani, akasema nirudi kwa wanawake. Mkono wake ulinuka udi na karafuu maiti, kwa sababu alimwosha babu mwenyewe.

Wanawake hawaendi makaburini. Walibaki nyumbani wanalia. Lakini mimi na Mwamini tulipenya katikati ya migomba mpaka mwisho wake, pale shamba linapoanzia, tukachuchumaa tutazame. Wanaume walitoka katika mstari mrefu, kanzu nyeupe juu ya mabua makavu, jeneza katikati limefunikwa shuka, na sauti zao zikienda pamoja, la ilaha illa Llah, la ilaha illa Llah, kama kinu kinatwanga. Baba alikuwa mbele, bega la kulia. Wengine walipokezana. Yeye hakumpa mtu bega lake.

Walikuwa wamefika katikati ya uwanja ndege ilipokuja.

Ilipita juu kwanza, moja tu, ikaenda zake. Wengi walikimbilia mtaro wa maji. Waliobaki ni wale walio chini ya jeneza. Nilimsikia baba mdogo Shabani kutoka mtaroni: “Wekeni chini! Wekeni chini mulale!”

Na baba alijibu, sauti ilifika mpaka kwetu: “Baba hatalala hapa!”

Wakaendelea kwenda. Mmoja alitoka chini ya jeneza akakimbia, jeneza likainama upande, mwingine akarudi kutoka mtaroni akaweka bega lake. Sijui ni nani. Ninamfikiria mara nyingi yule aliyerudi.

Ndege ikageuka kule mbali. Mwamini akanishika kanga. Motere ilikuwa inanguruma mpaka majani ya migomba yanatetemeka, ikaelekea kwao, ikainamisha pua. Na halafu, wenzangu, motere ikashuka. Ikapungua, ikapungua, ikawa nyembamba, karibu kimya, ukabaki upepo tu unapiga mluzi.

“Imezima,” Mwamini aliniambia. “Yaya,” alivyozoea kuniita mimi dada yake mkubwa, “imezima motere.”

“Imeona jeneza,” nikamwambia. Nilikuwa natabasamu. Mnaelewa? Nilikuwa natabasamu.

Kisha ikapiga.

Yaliyofuata sitayasema yote. Vumbi lilipotua, kanzu zilikuwa zimelala na jeneza lilikuwa chini. Wanaume wakatoka mtaroni. Babu wakamzika, waliona aibu kurudi naye. Wale waliopigwa wakaletwa nyumbani juu ya milango iliyong’olewa, kwa kuwa jeneza lilikuwa limevunjika. Baba alikuwa kwenye mlango wa jiko letu, niliujua kwa masizi. Wakamtua uani. Mama hakulia, alikuwa amesimama na mikono hewani kama mtu aliyesahau alichokuwa anabeba.

Mwamini akatoka kwangu. Alikwenda taratibu, akapita katikati ya miguu ya wakubwa, akachuchumaa, akamshika baba kidole kikubwa cha mguu.

“Nimekugusa,” akasema. “Amuka.”

Hakuna aliyemzuia. Akagusa mguu wa pili, pengine alifikiri amekosea mguu. “Baba, nimekugusa. Amuka.” Ramazani alikuwa amesimama ukutani. Nilimtazama, nikifikiri atamcheka. Aligeuza uso akaweka paji la uso kwenye udongo wa ukuta. Hatukucheza ndege tena, si kwa sheria yake, si kwa ya Mwamini.

Baba hakuoshwa. Walimzika na kanzu yake ileile, na damu yake. Mimi nilikasirika miaka mingi kwa jambo hilo. Babu aliyekufa kitandani alioshwa kwa maji ya moto na karafuu maiti, na baba yangu anazikwa mchafu, kama hana watu! Nilikuwa mwanamke mzima, mwenye watoto, niliposikia mwalimu akieleza kwamba aliyeuawa kwa dhuluma anazikwa na damu yake, na hiyo ni heshima. Hasira ikaisha. Lakini ilikuwa imeshakaa nami muda mrefu kuliko baba alivyokaa nami.

Ile ya motere haikuisha.

Mimi niliolewa Kasongo, Mwamini akaolewa huku Kabambare. Vita zingine zilikuja, hizo zilikuja kwa miguu, tukazikimbia kila mmoja kwa njia yake. Lakini kila tulipokutana, kwenye harusi, kwenye kilio, tukishakula, Mwamini alianza.

“Alizima motere, yaya.”

“Akapiga.”

“Kwanza alizima. Aliona jeneza. Ndani walikuwa wawili, mimi nasema. Mmoja alizima, mwingine alipiga.”

“Ulimwona huyo wa pili?”

“Na weye ulimwona wa kwanza?”

Nilimwita mjinga. Nilimwambia umri umekwenda, akili imebaki kwenye siafu. Lakini motere ikishuka niliisikia mimi pia, kama yeye. Na nitasema ukweli, wenzangu: sikutaka sana kumshinda. Katika siku ile yote, ule upungufu wa sauti ndio kitu pekee kilichofanana na huruma. Kwamba kwa muda wa kuvuta pumzi mtu mmoja aliona kilichokuwa mabegani mwa baba yangu. Mwamini alikuwa anatutunzia kitu hicho sisi wote wawili, na mimi nilikuwa napata nafasi ya kumtukana.

Hata alipokuwa anaumwa, nilipokuja kumuuguza, alinishika mkono. “Utasema alizima?” akaniuliza. Nikamwambia alale.

Kwa hiyo niliposikia ule mlio kwenye tableti, niliweka ungo chini. Nikamwambia Idi airudishe. Hakuelewa.

“Ile sauti. Ilipanda, halafu ikashuka. Rudisha.”

Akageuza ndege yake. Nilisogea nikatazama kioo. Chini palikuwa na mashamba, njia, na vijiti vidogo vinatembea kwenye mstari. Akainamisha pua. Mlio ukashuka, ukawa mwembamba. Upepo ukapiga mluzi.

“Juu ya nini motere imeshuka?”

“Nimeipunguza mimi, Koko.” Alifurahi kuulizwa, akanieleza kama mwalimu. “Ukishuka kupiga, lazima upunguze. Usipopunguza inaenda mbio, mabawa yanakatika, na risasi zinatawanyika. Ukipunguza inatulia, unalenga vizuri. Ile ya Feza haina hiyo. Ndiyo maana nasema yangu iko ya kweli.”

“Kila rubani anafanya hivyo?”

“Kila rubani anayejua kazi yake.”

Nikamwonyesha vile vijiti kwa kidole. “Hawa wanabeba nini?”

“Haionekani, Koko.”

“Shuka uone.”

Akajaribu. Kijana mwenye heshima, alijaribu. Alishuka, akashuka, vijiti vikabaki vijiti, halafu kioo kikawa miti, kikawa chekundu, kikawa cheusi. Feza akacheka: “Kwenye muhogo tena!”

“Ukishuka sana unakufa,” Idi akasema. “Kutoka juu huwezi kujua mutu anabeba nini.”

Nikarudi kwenye kiti changu. Feza alinitazama, akaacha kucheka, akauliza: “Koko, iko nini?” Nikamwambia hakuna kitu.

Sikuwa na wa kumwambia. Ugomvi wa maisha yangu yote nimeushinda, na niliyekuwa nagombana naye nilimwosha mwenyewe kwa mikono hii. Nilimshukuru Mungu kwamba alitangulia kabla kioo cha mjukuu wake hakijafika mlangoni. Asubuhi ile ya kumzika, tulipomaliza kumwosha na kumvisha sanda, kabla hawajafunga miguuni, niliwaambia wenzangu wangoje. Nilimshika Mwamini kidole kikubwa cha mguu. Nikamgusa na mguu wa pili. Kisha nikawaachia wafunge.

“Sasa Koko, utuhukumie,” Idi aliita. “Ipi iko ya kweli?”

“Yako,” nikasema.

“Umesikia, Feza!”

“Nimesema yako iko ya kweli. Sasa zima.”

“Juu ya nini?”

“Hapa ni kwa Mwamini. Kwenye matanga ya Mwamini mutacheza ile ya Feza.”

Walitazamana. Idi alizima. Feza akamsogezea nafasi, wakainamia simu moja, vichwa pamoja. Nikauchukua ungo wangu, nikaendelea kutoa mawe. Nyuma yangu ndege ya Feza ikaanguka kwa kelele nyingi, na kabla sijapata jiwe lingine, nikaisikia inaruka tena.